Uchovu wa Metali: Ufa Mdogo Ulioiangusha Ndege ya Comet

Makala ya leo yanazungumzia jambo ambalo kila mtu hulitegemea bila ya kulifikiria, nalo ni namna vyuma na vitu vingine vya uhandisi vinavyohimili mzigo, vinavyojikunja na hatimaye vinavyovunjika. Daraja linalopitwa na magari, gurudumu la treni, na ndege inayowabeba wasafiri kutoka Muscat hadi Zanzibar au kutoka London hadi Nairobi, vyote hivyo vinasimama juu ya elimu hiyo moja. Elimu hiyo haikupatikana bure. Sehemu yake kubwa imenunuliwa kwa roho za watu.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka London kuelekea Johannesburg. Ilikuwa ni ndege aina ya Comet, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland, na safari hiyo ilikuwa ya kwanza duniani ambapo ndege ya jeti ilibeba abiria waliolipa nauli kwa ratiba ya kawaida. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo watu wa Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo ulimwenguni kuiona jeti ya abiria ikitua na kuruka. Ndege yenyewe iliandikishwa kwa herufi G-ALYP, na kwa lugha ya marubani iliitwa Yoke Peter. Miezi ishirini baadaye, ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba nchini Italia, na watu wote 35 waliokuwemo wakafa. Haikugonga kitu, haikulipuliwa kwa bomu, wala haikuwa katika dhoruba. Ilichoka.

Neno hilo "kuchoka" huenda likamshangaza msikilizaji. Mtu huchoka, ng'ombe wa kulima huchoka. Je, chuma nacho huchoka? Ili kulijibu swali hilo, inafaa kuanza na swali jingine la msingi zaidi: kitu kigumu hufanya nini kinapovutwa, kubanwa au kupindwa?

Kila kitu kigumu kimejengwa kwa atomi zilizoshikana kwa nguvu zinazofanya kazi kama springi ndogo mno. Kitu kinapobebeshwa mzigo, springi hizo hunyooka au hubanika kidogo. Mzigo unapoondolewa, zinarudi mahali pake. Hali hiyo huitwa unyumbufu. Mwingereza Robert Hooke aliieleza kanuni yake mwaka 1678, kwamba kadiri kitu kinavyovutwa, ndivyo kinavyorefuka kwa kiasi kile kile. Hakuna daraja lisilojikunja lori linapopita juu yake, hata kama jicho halioni. Daraja lililo zima hujikunja, kisha likarudi.

Wahandisi hawautazami mzigo peke yake. Wanaugawa mzigo huo kwa ukubwa wa eneo linaloubeba, na jawabu wanaliita mkazo. Jiwe likining'inizwa kwa kamba nene ya nanga, kamba haihisi kitu; likining'inizwa kwa uzi, uzi unakatika. Jiwe ni lile lile, ila mkazo ndio uliobadilika.

Mkazo ukipita kiwango fulani, mambo hugeuka. Katika metali nyingi, safu za atomi huanza kuteleza moja juu ya nyingine, na zikishateleza hazirudi tena zilikotoka. Huo ndio mgeuko wa kudumu. Mhunzi anapofua jembe anautumia mgeuko huo kwa faida yake, na mlango wa gari unapobonyea katika ajali, ni mgeuko huo huo uliotokea kwa hasara. Metali yenye tabia hiyo ina fadhila moja kubwa: hutoa onyo. Hupinda kwanza, na anayeiona huweza kukimbia au kuutua mzigo. Vitu vingine, kama kioo, chungu cha udongo na chuma cha kusubu, havina fadhila hiyo. Atomi zake haziwezi kuteleza kwa urahisi, hivyo vikishindwa huvunjika ghafla, bila ya kupinda kwanza.

Kwa maelezo hayo, mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya mhandisi ni nyepesi. Apime mkazo unaoivunja metali, kisha ahakikishe kwamba mzigo wa kila siku haufiki hata nusu ya hapo. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo ilivyofanyika. Hata hivyo, vyuma viliendelea kuvunjika chini ya mizigo ambayo kwa mujibu wa hesabu vingeweza kuibeba bila ya taabu. Kulikuwa na sababu mbili ambazo hesabu hizo hazikuziona.

Sababu ya kwanza inajulikana na kila muuza nguo. Anayetaka kuitenganisha doti ya kanga haishiki kwa mikono miwili akaivuta tu, kwani angeweza kuvuta mpaka jasho limtoke. Huchukua mkasi akatia mkato mdogo ukingoni, kisha akavuta. Na hapo kitambaa huchanika chenyewe mpaka mwisho. Kitambaa ni kile kile na mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni mkato.

Mkazo ndani ya bati la metali unaweza kufananishwa na maji ya mto. Mahali palipo wazi maji hupita polepole kwa upana wote. Yakikutana na nguzo, hulazimika kuizunguka, na pembeni mwa nguzo hubanana na kwenda kwa kasi. Vivyo hivyo, bati likitobolewa tundu, mkazo uliokuwa upite hapo hulizunguka tundu na kurundikana kando yake. Tundu la duara katika bati pana huongeza mkazo wa ukingoni mwake hadi mara tatu. Mwaka 1913 mhandisi Charles Inglis wa Uingereza alionesha kwa hesabu kwamba kadiri ncha ya tundu inavyokuwa kali, ndivyo mrundikano unavyozidi. Pembe kali ya dirisha ni mbaya kuliko duara, na ufa, ambao ncha yake ni kali kuliko wembe, ni mbaya kuliko vyote.

Lakini hapo palizuka fumbo. Ikiwa ncha ya ufa hurundika mkazo kiasi hicho, mbona kila chombo chenye mkwaruzo hakivunjiki papo hapo? Jawabu lilitolewa mwaka 1921 na Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa ndege ya serikali huko Farnborough, kusini mwa Uingereza. Griffith alifanya majaribio kwa vioo, na akafikia hitimisho kwamba ufa hupiga hesabu ya faida na hasara kama mfanyabiashara. Ili urefuke, ni lazima utumie nishati kuzitenganisha atomi zilizoshikana. Hiyo ndiyo hasara. Ukirefuka, nishati iliyokuwa imehifadhiwa katika kitu kilichovutwa inafunguliwa. Hiyo ndiyo faida. Ufa ukiwa mfupi, hasara hushinda na ufa hulala. Ukishavuka urefu fulani, faida hushinda, na tangu hapo hauhitaji tena kusukumwa. Hukimbia wenyewe, na katika metali ngumu unaweza kukimbia kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde.

Ulimwengu ulioneshwa jambo hilo waziwazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Maji yalikuwa yametulia. Ghafla ulisikika mshindo mkubwa, na meli ikapasuka karibu vipande viwili kuanzia sitahani hadi karibu na chini kabisa. Meli nyingine kadhaa za wakati huo zilipatwa na mkasa wa namna hiyo. Zamani mabati ya meli yalipigiliwa kwa misumari ya ribiti, na ufa ukifika mwisho wa bati moja mara nyingi ulisimama hapo. Meli hizi mpya ziliungwa kwa kuchomelewa, zikawa kama bati moja lisilo na mwisho, na ufa ukianza haukuwa na kizuizi. Mwanasayansi Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alibainisha tena kwamba chuma cha pua kilichotumika kilipoteza uwezo wake wa kupinda kilipopata baridi, kikawa kinavunjika kama kioo. Ikadhihirika kwamba nguvu ya metali haielezeki kwa tarakimu moja tu. Inategemea pia baridi na joto, na inategemea ufa uliomo ndani yake.

Sababu ya pili ndiyo uchovu. Msikilizaji anaweza kuishuhudia kwa kipande cha waya. Akikivuta kwa mikono, hakikatiki. Akikipinda mara moja, hakikatiki. Lakini akikipinda huku na huku mara nyingi, kinakatika, ingawa hakuna hata mara moja ambapo nguvu iliyotumika ilitosha kukikata.

Wahandisi wa reli walikuwa miongoni mwa waliokutana na jambo hilo mwanzo. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjikiwa na mhimili wa magurudumu ya injini. Mabehewa yalipandana na kushika moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mhimili huo ulikuwa umebeba injini hiyo hiyo kila siku bila ya tatizo. Katika miaka iliyofuata, Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa mhandisi wa reli huko Prussia, alitengeneza mashine za kuizungusha mihimili chini ya mzigo mpaka ivunjike, na akahesabu mizunguko. Aligundua kwamba kinachoua ni idadi ya mikazo pamoja na ukubwa wake. Mkazo mkubwa huvunja baada ya mara chache, mkazo mdogo huvunja baada ya mara nyingi. Chuma cha pua kina kiwango fulani cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kuhimili karibu milele. Alumini haina kiwango cha namna hiyo kilicho dhahiri. Ukiisubiri vya kutosha, itachoka tu. Na ndege nyingi hutengenezwa kwa alumini.

Ndani ya metali, uchovu huanza mahali padogo kuliko unywele. Katika fuwele moja iliyo karibu na uso, safu za atomi huteleza mbele mzigo unapokuja, na kurudi nyuma mzigo unapoondoka. Lakini hazirudi sawasawa, na baada ya maelfu ya safari hizo huacha mfereji mdogo sana. Mfereji huo hugeuka ufa. Kila mzigo unapokuja ufa hufunguka na kusogea hatua moja isiyoonekana kwa jicho. Mwisho metali iliyobaki inakuwa haitoshi, ufa unavuka ule urefu wa Griffith, na kila kitu kinapasuka kwa mara moja. Mara nyingi kipande kilichovunjika kwa uchovu kikikaguliwa, uso wake huonesha mistari iliyofuatana kama alama ambazo maji ya bahari huziacha mchangani yanapokupwa. Mistari hiyo ndiyo kumbukumbu ya namna ufa ulivyosonga mbele.

Sasa tuirudie ndege ya Comet. Iliruka kwa urefu wa hadi mita 12,000, juu sana kuliko ndege za pangaboi za wakati wake. Huko hewa ni nyembamba na binadamu hawezi kuishi, kwa hiyo hewa ilisukumwa ndani ya kiwiliwili cha ndege mpaka ikawa kama ile ya mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari. Tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ilikuwa sawa na karibu tani sita zikisukuma kila mita moja ya mraba. Mzigo huo ulibebwa na bati la alumini lenye unene usiofika milimita moja. Kila ndege ilipopaa, kiwiliwili kilivimba kidogo. Kila iliposhuka, kilinywea. Kila safari ilikuwa sawa na kuupinda ule waya mara moja.

Wabunifu wake hawakuwa wazembe. Walijaribu kipande cha kiwiliwili kwa mgandamizo maradufu ya ule wa kawaida, nacho kikahimili. Kisha walipandisha na kushusha mgandamizo ndani yake zaidi ya mara 15,000 kabla ya kupasuka, hesabu iliyozidi kwa mbali safari zilizotarajiwa kufanywa na ndege moja katika maisha yake. Kila aliyeyatazama matokeo hayo aliridhika.

Kumbe jaribio lenyewe ndilo lililowapoteza. Mgandamizo ule maradufu uliifanya metali ya kwenye pembe za matundu ivutike kupita kiwango cha unyumbufu, ikapata mgeuko wa kudumu. Mgandamizo ulipoondolewa, metali iliyoizunguka ilirudi mahali pake na kuibana ile ya pembeni. Pembe zilizobanwa namna hiyo ni vigumu kufunguka ufa. Kwa maneno mengine, kipande cha majaribio kilikuwa kimepewa dawa bila ya mtu kujua, kisha kikapimwa afya. Ndege zilizokuwa zikiruka na abiria hazikuwa zimepewa dawa hiyo kwa kiasi kile.

Tarehe 10 Januari 1954 Yoke Peter ilipaa kutoka Roma kwenda London. Ilikuwa imekwisha kufanya safari 1,290 zenye mgandamizo. Kabla haijamaliza kupanda ilipasuka, na vipande vyake vikaanguka baharini, ambako wavuvi wa Elba waliopoa maiti. Shirika la BOAC lilizisimamisha ndege zote za Comet siku iliyofuata. Wataalamu walikaa wakafikiria kila lililowezekana: moto, injini, usukani. Marekebisho mengi yalifanywa, na tarehe 23 Machi ndege zikarudishwa angani, ingawa chanzo cha ajali kilikuwa hakijajulikana. Tarehe 8 Aprili, siku kumi na sita tu baadaye, Comet nyingine iliyoitwa Yoke Yoke iliondoka Roma kwenda Cairo. Nayo ilipasuka, ikaanguka baharini karibu na Naples pamoja na watu 21. Ilikuwa imefanya safari 900.

Hapo ndipo fundisho kubwa la mkasa huu lilipo. Watu 21 hao hawakufa kwa sababu sayansi ilikosekana. Kazi ya Wöhler ilikuwa na umri wa miaka karibu mia moja, na Griffith alikuwa ameandika miaka 33 kabla yake. Walikufa kwa sababu swali lililokuwa halijajibiwa lilihesabiwa kuwa limejibiwa. Kurekebisha kila kinachoshukiwa si sawa na kukijua kilichovunjika.

Baada ya ajali hiyo Comet ziliondolewa angani, na uchunguzi ukakabidhiwa taasisi ile ile ya Farnborough, ambayo wakati huo iliongozwa na Arnold Hall. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilizoa mabaki kutoka sakafu ya bahari karibu na Elba, na wataalamu wakayapanga upya juu ya fremu ya mbao kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Wakati huo huo, Comet nyingine nzima iliyokwisha kufanya safari zipatazo 1,200 iliingizwa ndani ya tangi kubwa la maji, mabawa yake yakitokeza nje. Maji yalitumika badala ya hewa kwa sababu hewa iliyobanwa, chombo kinapopasuka, hulipuka kama bomu na kuharibu ushahidi, maji hayalipuki. Usiku na mchana mgandamizo ulipandishwa na kushushwa, na kila mara ikahesabiwa safari moja. Mwezi Juni 1954, baada ya jumla ya safari kama 3,000, za kweli na za tangini, kiwiliwili kilipasuka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika bati lake.

Vipande vya Yoke Peter vilitoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Ufa wake ulianzia juu ya paa, kando ya tundu lililokatwa kwa ajili ya antena za chombo cha kuongozea ndege. Vipimo vilionesha kwamba mkazo kwenye pembe za matundu ya Comet ulifika karibu asilimia 70 ya ule unaoivunja metali yenyewe, nao ulijirudia kila safari. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Cohen ilitoa ripoti yake mwaka 1955, na ikatangazwa hadharani ili waunda ndege wa nchi zote waisome.

Comet ilirudi mwaka 1958 kwa umbo jipya, Comet 4, na bati lake lilikuwa nene zaidi. Wasikilizaji wenye umri huenda wanazikumbuka ndege hizo, kwani kuanzia mwaka 1960 zilitumiwa na shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki, katika safari za kuziunganisha nchi hizo na Ulaya. Kuna wanafunzi waliosafiri kwenda masomoni Uingereza ndani ya ndege hizo, wakiwa wamekaa salama chini ya bati lililonyooshwa na fundisho la Elba.

Kilichobadilika zaidi, hata hivyo, ni namna ya kufikiri. Kabla ya Comet, mhandisi aliuliza: je, kitu hiki kina nguvu ya kutosha? Baadaye alijifunza kuuliza: ikiwa tayari kina ufa nisiouona, ufa huo utachukua muda gani kuwa wa hatari, na nitauona kabla ya hapo? Kwa ajili hiyo ndege za leo huhesabiwa safari zake, si saa za kuruka peke yake. Mafundi huzipima kwa mawimbi ya sauti, eksirei, umeme na rangi maalumu zinazopenya ndani ya nyufa. Ndani ya kiwiliwili huwekwa mbavu na mikanda ya metali ili ufa ukiifikia usimame.

Hata hivyo, mbinu hizo hazifui dafu pale ukaguzi unapolegea. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Aloha Airlines ilikuwa ikiruka katika visiwa vya Hawaii, Marekani, kutoka Hilo kwenda Honolulu. Safari zake zilikuwa fupi na nyingi, na umri wake ulikuwa miaka 19. Ilikuwa imekwisha kupaa na kutua mara 89,680, tena katika hewa ya bahari yenye chumvi, ambayo hula metali. Ikiwa kwenye urefu wa mita zipatazo 7,300, sehemu ya paa lake yenye urefu wa zaidi ya mita tano ilinyofoka. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Marubani walifanikiwa kuitua ndege hiyo ikiwa haina paa, na abiria wote wakaokoka, ingawa wengi wao walijeruhiwa. Uchunguzi ulionesha kwamba nyufa nyingi ndogo kando ya matundu ya ribiti zilikuwa zimeungana zikawa ufa mmoja mrefu, na kwamba ukaguzi wa shirika haukuzigundua.

Kuna jambo moja katika taarifa hiyo ambalo halina hesabu ngumu ndani yake. Abiria mmoja alieleza baada ya ajali kwamba alipokuwa akipanda aliuona ufa katika bati la ndege, karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Bila shaka alidhani kwamba ikiwa wenye ndege wameridhika, yeye ni nani aseme.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi hulichukua neno hilo kuwa ni nasaha ya tabia na malezi. Wahandisi wamekuja kuthibitisha kwamba ni kanuni ya maumbile vile vile, wakiongeza sharti moja: ufa hauzibwi kabla haujaonwa, na hauonwi na asiyeutafuta. Metali haisemi uongo wala haifichi siri. Huandika kila mzigo ilioubeba, mstari baada ya mstari. Kinachohitajika ni mtu wa kusoma, na akishasoma, awe na ujasiri wa kusema ndege isiruke.